Kilosa: Dereva faini, mwenye hati msamaha!

Kila kigogo akishika kipaza sauti wimbo ni ule ule: wananchi, tangulizeni maslahi ya taifa. Sawa, tumesikia. Lakini hivi, ndugu msomaji, mbona mahubiri hayo huishia kwa walalahoi tu?

Panda basi la Iringa. Ukifika Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara kuu inakata mbuga kwa kilomita 50 hivi. Dereva asizidi mwendo wa 70 mchana, 50 usiku. Ana haraka, ana hesabu ya bosi, lakini twiga ni wa Watanzania wote, kwa hiyo apunguze. Akimgonga, faini, tena ya kumtoa jasho. Mimi naunga mkono.

Sasa acha lami, shika njia ya Kilosa. Huko yapo mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori tangu bei ilipoporomoka. Hati anayo mtu, sura yake wanakijiji hawaijui. Nje ya mipaka yake mkulima na mfugaji wanagombea vipande vilivyobaki. Mnakumbuka Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000? Watu 38 waliuawa! Sisemi mkonge ndio uliowaua. Chuki ilikuwepo, mifugo na mazao vilikuwa vimekwisha kugombanisha watu. Lakini waliohubiriwa kuvumiliana ni maskini hao wawili. Mwenye pori hakuambiwa lolote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, na mwenye hati akikiuka masharti yaweza kufutwa. Ni kweli, Kilosa zipo zilizofutwa. Ila angalia mwendo wenyewe: mwenye hati hupewa notisi, halafu muda, halafu notisi nyingine, miaka inakatika. Dereva wa Mikumi nani alimpa notisi?

Na nyie wa vijiweni msicheke. Ardhi hiyo ikigawiwa, yupo mwenzetu atakayeuza ekari zake wiki hiyo hiyo kwa tajiri yule yule. Huyo simtetei, anaibia wenzake. Lakini kumwanza yeye na kumwacha mwenye maelfu ya ekari ni kejeli.

Tunataka orodha. Halmashauri ya Kilosa ibandike kwenye mbao za matangazo, Rudewa mpaka Kimamba: shamba gani, la nani, ekari ngapi, limelala tangu lini, na lile lililofutwa kapewa nani. Yakiwemo majina ya waheshimiwa, yabandikwe hivyo hivyo.