Zulia la Barazani: Linunuliwe?

Familia nyingi hutamani zulia la barazani kwa ajili ya wageni. Zulia la manyoya halifai mahali hapo: hunyonya maji ya mvua, hushika mchanga, na likipatwa na najisi kulitwaharisha ni kazi nzito. Mkeka wa plastiki ni nafuu, huoshwa ukakauka upesi. Ila jua huuchakaza, basi ukunjwe usipotumika. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alialikwa chakula, kisha akawaswalisha wenyeji wake juu ya mkeka uliosawijika kwa kutumika sana, baada ya kunyunyiziwa maji. Basi asiye na uwezo asikope kwa ajili ya zulia. Tandiko lenye twahara lamtosha mgeni na mwenye kuswali.