Bi Harusi, Ingia Mchangani Peke Yako

Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na kila msimu naletewa kitambaa ambacho bi harusi mwenyewe hakukichagua. Kanunua shangazi, au wifi. Anajiwekea kifuani mbele ya kioo, ananyamaza. Naumia.

Ushauri wangu: kabla ya harusi, nenda sokoni siku moja peke yako. Aga nyumbani, vaa baibui lako, teremka Darajani asubuhi kabla jua halijawa kali. Soko lile lipo tangu 1904, halikukimbii. Katisha Mchangani, shika vitambaa, uliza bei maduka matatu, usinunue kwanza. Kisha pita vichochoro vya Mkunazini taratibu, ukiwaza unachokitaka.

Watasema, "Mwari anazurura, anatafuta nini?" Na mimi niliambiwa hivyo, nikabaki ndani, nikaolewa na gauni nisilolipenda. Bi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na heshima yake haikupungua. Ukishika stara na adabu, sokoni unakwenda.

Shangazi tunawapenda, wallahi. Lakini anayeshindwa kusema "hiki sikitaki" dukani, atakuja kusema lini nyumbani kwake?