Unalipia Mji, au Unalipia Jina?



Mwezi huu naomba tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya safari. Msishangae. Nimeona nyumba zikikosa amani kwa ajili ya matembezi ya siku moja, na mimi mwenyewe nilikaribia kuwaingiza wenzangu katika kosa hilo.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilichanga kwa miaka miwili. Kila mwezi kila mama alitoa Sh. 5,000, na mweka hazina akaandika kwenye daftari. Nia yetu ilikuwa kuvuka bahari kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, tukatembee Mji Mkongwe, na zaidi tukalione Kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Tulilisikia tangu tukiwa watoto wa shule ya Jumapili, lakini wengi wetu hatukuwahi kufika.

Siku zilipokaribia, mama mmoja akaleta tangazo. Mtu maarufu, ambaye sura yake tunaiona kwenye televisheni, alikuwa akiwatembeza watu Mji Mkongwe. Picha zilikuwa za kupendeza kweli. Bei ilikuwa Sh. 250,000 kwa kila mtu, nauli ya boti mbali. Katika daftari kila mmoja wetu alikuwa na Sh. 120,000 tu.

Nikiri ukweli: mimi nilikuwa wa kwanza kusema twende. Nilijiona tayari nimesimama kando yake na kitenge changu kipya, nikiwaonyesha picha wauguzi wenzangu wodini. Wengine wakasema tutaongeza, na wengine wakasema tutakopa. Sasa, katika kikundi chetu yumo mjane mmoja anayeuza vitumbua na kusomesha watoto watatu. Hakubisha. Alitabasamu akasema, "Nyinyi nendeni, mimi nitabaki nikiwaombea." Tukaitikia amina, kikao kikafungwa kwa sala.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri. Nikamweleza mume wangu habari yote. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Mama watoto, kama mtu huyo angekuwa hana jina, mngemlipa kiasi gani kwa kazi hiyo hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nami ningepaswa kuwa nalo, maana jambo hilo nawaeleza wagonjwa kila wiki. Mama anakuja na dawa ya maumivu yenye boksi zuri, aliyoinunua kwa bei kubwa. Ukisoma ubavuni, ndani ni parasetamo, ile ile inayouzwa kwa bei ndogo katika pakiti isiyo na mapambo. Dawa ya boksi si mbaya, inatuliza maumivu. Lakini ile fedha ya ziada imelipia jina. Mwenye nazo na anunue. Anayekosa fedha ya maziwa ya mtoto kwa sababu ya boksi, huyo amejidhuru.

Asubuhi nikampigia simu mwandaaji wa matembezi yale, nikamwuliza kwa heshima. Nayaandika maswali hapa ili nanyi myatumie, hata kama safari yenu ni ya mji mwingine.

1. Ni nani hasa atakayesema nasi, na kwa muda gani? Nilijibiwa kwamba mtu maarufu atatupokea, atapiga picha nasi, na atakula nasi chakula cha mchana. Kutembezwa kwenyewe kutafanywa na kijana mwingine.

2. Kundi litakuwa na watu wangapi? Arobaini. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Watu arobaini wakijipanga humo, walio nyuma hawasikii neno.

3. Bei imebeba nini? Viingilio havikuwamo.

4. Asipofika, je? Matembezi yataendelea bila yeye, na fedha hazirudishwi.

5. Fedha hii inatoka wapi? Hili si la mwandaaji, ni letu. Je, ni akiba, au ni ada ya mtoto na mkopo wa jirani?

Sisemi kwamba kila mwenye jina ni wa kukwepwa. La, hasha. Kama mtu amepata jina kwa sababu anaijua historia ya mji, na yeye mwenyewe atatembea na kundi dogo tangu mwanzo hadi mwisho akijibu maswali, bei yake yaweza kuwa halali kabisa. Hapo jina na elimu ni kitu kimoja. Tena, mama aliyejiwekea akiba ili amwone mtu anayempenda, tusimhukumu, furaha nayo ni kitu. Ila ajue kwamba ananunua furaha hiyo, asidhani ananunua mji.

Nilirudi kikundini nikawaomba radhi, na kwanza kabisa yule mjane. Tukakubaliana kutafuta mwongoza watalii wa huko huko Unguja, mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Msilidharau jambo la kitambulisho. Mkishuka botini mtawakuta vijana wanaoitwa papasi, wanaong'ang'ania wageni kwa maneno matamu. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tulipatana bei mapema, na tulipogawana ikawa Sh. 10,000 kwa kila mama. Tulikwenda wote kumi na wanne.

Mzee aliyetuongoza hakuwa na sura ya televisheni, lakini mji ulikuwa kichwani mwake. Pale Mkunazini alitueleza kwamba Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi wa Juni 1873, na mwaka huo huo msingi wa kanisa ukawekwa. Akatuonyesha altare, ambayo husemwa imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nyuma yake ni kaburi la Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, akafariki mwaka 1882. Tukacheka kidogo alipotuonyesha nguzo ambazo, kama wanavyosimulia, mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu akiwa safarini. Tukanyamaza tulipouona msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa David Livingstone.

Kisha tukashuka kwenye vyumba vya chini, ambamo wageni huambiwa watumwa walifungiwa. Mzee hakutuficha. Alisema jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotia shaka juu ya habari hiyo. "Huzuni ya mahali hapa ni ya kweli," akasema, "haihitaji kutiwa chumvi." Hapo nilijua fedha yetu haikupotea.

Nje, penye sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, mjane wetu alikaa muda mrefu. Mzee hakutuharakisha. Tulipokuwa kwenye boti jioni, mama yule alituambia kwamba kwao, upande wa Ziwa Nyasa, wazee wa ukoo husimulia habari za binti aliyekamatwa alipokwenda kuchota maji, akapelekwa pwani, asirudi tena. Tangu utotoni alitamani mtu wa ukoo wao afike mahali pale, asimame kwa niaba ya wote. Katika kumi na wanne sisi, yeye ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kwenda. Nasi tulikuwa karibu kumwacha nyumbani kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kulipa, kaa chini uhesabu gharama kama yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara. Uhesabu na watu pia: bei hii itamwacha nani nyuma?

Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, siwezi kumaliza bila haya. Vaeni viatu vya chini vilivyozoeleka miguuni. Chukueni maji ya kunywa. Wenye presha na kisukari wasisahau dawa, na wenye kisukari wabebe kitu cha kula. Mabega na magoti yafunikwe, kwa kuwaheshimu wenyeji wetu.

Mungu awalinde safarini na nyumbani. Tuonane mwezi ujao.