VIJANA NA KAZI: Aliuza shauri kwanza, antene zikaja nyuma



Mwezi huu vijana wanne wa Kikula wametuandikia. Walimaliza masomo ya informatike, wanajua kutengeneza video, matangazo, na programu za kuhesabu bidhaa za duka. Wanataka kufungua biro yao hapa Likasi, lakini wazazi wanawacheka: «Mtauza nini? Iko wapi depo?» Mmoja amekwisha kuchoka, anasema ataenda kuchimba na wenzake kwenye karieri. Wanauliza: mtu anaweza kweli kuishi kwa kuuza maarifa tu, bila kitu cha kushika kwa mukono?

Tunawajibu kwa habari ya mtu wa Sudani ambaye kazi yake ilifika mpaka kwetu. Mohamed Ibrahim, wengi wanamwita Mo, alizaliwa mwaka wa 1946. Alisoma uinjenieri wa umeme Alexandria, akafanya kazi kwenye telefoni za serikali ya Sudani, na mwaka wa 1974 akaenda Uingereza kuendelea na masomo. Huko akawa mukubwa wa ufundi katika Cellnet, kampuni ya telefoni za mkononi. Mwaka wa 1989 akaiacha kazi ile, akaanzisha kampuni yake, MSI, akianzia nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula.

MSI haikuuza telefoni. Ilitengeneza programu za ordinatere na kutoa shauri. Hapa watu wa Likasi watafahamu upesi. Kwenye mine, mbele ya baruti kupasuka, si kuna watu wa jeoloji na wapimaji wanaochora karatasi: shaba iko hapa, pale ni udongo bure? Bila ile karatasi unatoboa mlima mzima kwa hasara. Telefoni za mkononi ni vilevile. Sauti inapita hewani. Mlima unaizuia, jengo refu linaizuia, na antene mbili zikikaa karibu sana na kutumia njia moja, zinavurugana. Tena kila antene ni franga mingi. Programu ya MSI ilionyesha mji na vilima vyake, ni fasi gani antene isimame na fasi gani itakuwa kazi bure. Makampuni makubwa yalilipa kwa ile karatasi.

Basi, ninyi wanne, tafuteni kwanza nani katika Likasi anapoteza pesa kwa kukosa karatasi. Mwenye duka asiyejua nini kimeibiwa, dispanseri yenye fishi za wagonjwa zilizochanganyika, masomo yenye kuandika matokeo ya watoto mara tatu. Depo itakuja nyuma, ao haitakuja kabisa.

Jambo ninalolipenda zaidi ni hili: wafanyakazi wa MSI walikuwa na sehemu yao katika kampuni, karibu 30 kwa mia. Marconi ilipoinunua mwaka wa 2000, kwa dola zaidi ya milioni 900, walikuwa watu karibu 800, na wenye sehemu walipata nao. Wazee wetu waliotoa miaka yao Shituru na Panda watausoma mstari huu mara mbili.

Wakati ule Mo alikuwa amekwisha kuanza kazi ya pili. Aliwauliza wale aliowapa shauri: juu ya nini hamuendi Afrika? Waliogopa. Mwaka wa 1998 akaanza mwenyewe, na kampuni ile ikaitwa Celtel. Si kwamba Kongo haikujua telefoni bila waya. Telecel ilikuwako Kinshasa tangu 1986, lakini telefoni moja ilikuwa maelfu ya dola, kitu cha wakubwa. Sisi wengine tulikuwaka na foni: unapanga mulolongo, unapaza sauti, na mulolongo mzima unasikia siri za jamaa yako. Mwaka wa 1992 na 1993, wakati watu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni ya Kasai, ni jamaa ngapi zilikaa miezi bila kujua nani amefika na nani amekufa njiani?

Celtel ilianza Kongo mwaka wa 2000, vita ikiwako, kwa karata za kulipa mbele. Kinshasa na Brazzaville zinaonana kwa macho, lakini simu ilikuwa inazunguka Ulaya kwanza. Celtel ikaunganisha zile ng'ambo mbili za mto.

Na matabishi? Waliweka sheria: malipo yoyote yanayopita dola 30,000 lazima baraza la wakubwa wa kampuni liyakubali. Mukubwa wa serikali akiomba bahasha, meneja anajibu bila uongo kwamba ufunguo hauko kwake. Mimi naona ni akili kubwa kuliko kumuachia mtu mmoja apigane peke yake na majaribu. Vijana, andikeni sheria kama hiyo kabla hamjakwenda kutafuta kibali, kwa sababu bahasha mtaombwa.

Mwaka wa 2005 Celtel iliuzwa kwa watu wa Kuwait kwa dola miliari 3.4. Mwaka wa 2008 ikaitwa Zain, na 2010 Wahindi wakainunua: ndiyo Airtel yenye rangi nyekundu mnayonunua mayunite kila siku. Wengine wanauliza faida ya mayunite hayo inalala wapi usiku. Ni swali la haki, na shaba yetu pia inaulizwa hivyo.