Banda la Gari na Mpaka wa Jirani

Mtu aliyenunua kiwanja kwa fedha zake, akakilipia kodi mwaka hata mwaka, hutazamia kuwa bwana wa kiwanja hicho. Ndiyo maana wengi wa ndugu zetu waliohamia Marekani, wakajaliwa kununua nyumba huko, hupigwa na mshangao siku wanapokwenda katika ofisi ya mji kuomba kibali cha kujenga banda dogo la kuwekea gari. Huambiwa kwamba banda hilo haliwezi kujengwa pale wanapopataka, kwa kuwa litakuwa karibu mno na mpaka. Kiwanja ni chao, fedha ni zao, na pengine jirani mwenyewe hajasema neno lolote. Hata hivyo jibu ni hapana.

Tunazungumzia banda la kuhifadhia gari, lile linalosimama peke yake bila kuungana na nyumba. Si gereji ya mafundi. Miji mingi ya Marekani huweka sharti kwamba jengo la namna hiyo likae umbali fulani kutoka mpaka wa kiwanja: futi 3 mahali pengine, futi 5 au 10 kwingineko, na zaidi ya hapo kwa upande wa barabara. Ukanda huo usiojengwa ndio tutakaouita hapa nafasi ya mpakani. Mwenye kiwanja anaumiliki, anaweza kupanda majani na maua, lakini hana ruhusa ya kusimamisha ukuta juu yake.

Sababu za sharti hili si urasimu mtupu. Ndani ya banda la gari mna petroli, mafuta, rangi na matambara. Likishika moto, moto hauulizi mpaka uko wapi. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi zinadai kwamba ukuta ulio chini ya futi 5 kutoka mpakani ujengwe kwa namna ya kuhimili moto kwa muda wa saa 1. Kisha kuna maji ya mvua yatokayo paani, ambayo yasipopata mahali pa kudondokea upande wa mwenyewe yatadondokea kwa mwenzake. Kuna fundi ambaye siku moja atahitaji kusimama mahali fulani ili apake ukuta rangi bila kuomba ruhusa ya kukanyaga bustani ya watu. Na kuna dereva atokaye kinyumenyume: banda likisukumwa hadi ukingoni mwa barabara, hamwoni mtoto apitaye mpaka gari limekwisha kuingia njiani.

Sheria hizi hazikuanza na mabanda. Zilianza na majumba makubwa. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilikamilika mjini New York, likapanda wima ghorofa 38 kutoka ukingoni mwa njia, na mitaa iliyolizunguka ikabaki kivulini. Mwaka uliofuata, 1916, mji huo ulipitisha sheria ya kuigawa ardhi yake katika maeneo ya aina mbalimbali na kuyalazimisha majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda juu. Miji mingine ikafuata. Katika miaka ya 1920 Wizara ya Biashara ya Marekani, chini ya Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa Rais, ilitayarisha mfano wa sheria ambao majimbo yangeweza kuunakili. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la kijiji cha Euclid karibu na Cleveland, iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba mji unayo haki ya kupanga nini kijengwe wapi.

Kwa habari ya nafasi ya mpakani hasa, shauri lililokata mzizi wa fitina lilitoka katika mji wa Roanoke, jimbo la Virginia. Mtu mmoja alitaka kujenga duka la matofali katika kiwanja chake. Halmashauri ya mji ikamruhusu, lakini kwa sharti kwamba arudi nyuma futi 34 na theluthi mbili kutoka mstari wa barabara. Alilalamika kwamba amenyang'anywa ardhi bila fidia. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ilimkatalia. Ilieleza kwamba nafasi hiyo huepusha nyumba na vumbi na kelele za barabara, hupunguza hatari ya moto, huacha mwanga na hewa viwafikie majirani, na huwawezesha wenye magari kuona vizuri kwenye pembe za njia. Magari yalikuwa bado mapya katika miji mingi, lakini waheshimiwa majaji walikwisha kuona yanakoelekea.

Basi, je, sharti likikutana na kiwanja ambacho hakiwezi kulitimiza, itakuwaje? Viwanja vingi katika miji mikongwe ya Marekani vilipimwa kabla ya gari kuzaliwa. Kule Chicago kiwanja cha kawaida kina upana wa futi 25 na urefu wa futi 125. Sheria ikidai futi 5 kila upande wa kiwanja chenye upana huo, hubaki futi 15 za kujengea, na banda la gari moja tu huhitaji kiasi cha futi 12. Kingine kina umbo la pembetatu kwa sababu reli au mto ulipita hapo. Kingine kina mteremko mkali au jabali nyuma yake, na mahali pekee palipo sawa ni pale penye nafasi ya mpakani. Sheria, husemwa, ni msumeno. Lakini hata msumeno unahitaji mkono unaoujua mti.

Waliotunga mfano ule wa sheria walilifikiria jambo hili. Waliweka baraza la rufaa lenye wajumbe 5, na wakalipa uwezo wa kumlegezea mwombaji sharti endapo hali ya pekee ya kiwanja chake inafanya utekelezaji wa neno kwa neno uwe dhiki isiyo na sababu, na endapo kufanya hivyo hakutaharibu shabaha ya sheria wala manufaa ya watu wote. Lakini hawakutaka mlango huo uwe mpana. Wajumbe 4 kati ya 5 walipaswa kukubaliana ndipo ruhusa itolewe. Mwombaji hulipa ada, huleta ramani ya mpimaji inayoonyesha mpaka na vipimo, majirani huarifiwa, tangazo hutolewa, na kikao hufanywa hadharani ambapo yeyote anayeguswa anaweza kusimama akasema lake. Uamuzi hutolewa pamoja na sababu, na asiyeridhika huenda mahakamani.

Hapa ndipo waombaji wengi hujikwaa. Hufika kikaoni wakieleza habari zao wenyewe: kwamba wana magari matatu, kwamba theluji ya huko ni kali, kwamba banda litapandisha thamani ya nyumba, kwamba mtu wa mtaa wa pili alijenga vivyo hivyo na hakuna aliyemgusa. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na bado yasifae kitu. Ruhusa ya namna hii hukaa na ardhi, haikai na mtu. Akiuza nyumba kesho, mnunuzi hurithi banda lililo mpakani. Kwa hiyo dhiki inayotakiwa kuthibitishwa ni ya ardhi: umbo lake, mteremko wake, maji yake, jengo la zamani lililokwisha kusimama juu yake. Mwenye magari matatu leo aweza kuwa na moja mwakani. Jabali halihami.

Ukali wa kanuni hiyo ulionekana waziwazi mwaka 2004, katika shauri lililohusu banda la gari la aina hii tunayoizungumzia. Katika mji mdogo wa Pulaski, jimbo lile lile la Virginia, wenye kiwanja kilichopo kwenye pembe ya barabara waliomba kujenga banda karibu na njia kuliko sharti lilivyoruhusu. Baraza la mji liliwakubalia kwa sehemu. Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta ruhusa hiyo. Ilisema kwamba baraza halina uwezo wa kulegeza sharti ila pale ambapo sheria, ikitazamwa pamoja na kiwanja kizima, inazuia kila matumizi ya maana ya kiwanja hicho. Wenye kiwanja wana nyumba, wanaishi humo. Kukosa banda jipya hakukuifanya ardhi yao iwe haina kazi. Hoja za uzuri wa jengo na za ridhaa ya majirani hazikuwa na uzito mpaka kizingiti hicho kivukwe kwanza.

Sisi tunaona kwamba mahakama hiyo ilisoma maandishi ya sheria kama yalivyokuwa, na kazi ya mahakama ndiyo hiyo. Hata hivyo, sheria inayomruhusu mtu alegezewe pale tu ambapo ardhi yake imekuwa sawa na bure imeufunga mlango ikaacha tundu la ufunguo. Hakuna mwenye nyumba ambaye angeweza kupita. Bunge la Virginia lilikuja kuona hivyo. Mwaka 2015 liliandika upya maana ya ruhusa hii, ili swali liwe kama sharti linabana matumizi ya kiwanja kupita kiasi cha busara. Baadaye liliongeza habari ya mtu mwenye ulemavu ambaye nyumba yake inahitaji kurekebishwa; na kwa haki kabisa ruhusa ya aina hiyo yaweza kukoma pale anayeihitaji anapokuwa hana haja nayo tena.

New York ilikwisha kushika njia ya kati mapema zaidi. Kwa sheria iliyoanza kutumika 1992, baraza la mji huko hupima faida atakayopata mwombaji dhidi ya madhara yatakayowapata jirani na mtaa. Huuliza kama sura ya mtaa itaharibika. Kama kuna njia nyingine ya kupata kile anachokitaka. Kama upungufu anaouomba ni mkubwa. Kama mazingira yataathirika. Na kama mwombaji alijitia mwenyewe katika taabu hiyo. Swali la mwisho halimfungii mlango peke yake. Mwaka 1995 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliikubali ruhusa iliyotolewa katika mji wa Henderson kwa mtu aliyetaka kujenga banda la mashua katika kiwanja kisichofikia upana uliotakiwa, ijapokuwa alikinunua huku kikiwa na kasoro hiyo. Njia hiyo twaiona kuwa ya haki zaidi, maana inamweka jirani kwenye mizani badala ya kumweka nje ya mlango.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatumtetei mtu yeyote, wa huko au wa huku. Ni kujenga kwanza na kuomba baadaye. Anayefanya hivyo hulipeleka baraza mahali pagumu: likikataa, linaamuru kuta zibomolewe na fedha za familia zipotee, likikubali, linawafundisha wengine wote kwamba saruji iliyokauka ni hoja bora kuliko ramani. Aliyekuja mapema na ramani mkononi, akakataliwa, akatii, atajiona mjinga.

Wasomaji wetu hawatahitaji kuvuka bahari ili kulielewa hilo. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki banda la gari lililojengwa ukutani mwa barabara huweza kugeuka fremu ya duka kabla ya mwaka kwisha, na fremu ikageuka tatu. Sheria tunazo. Tanzania ilitunga sheria yake ya mipango miji mwaka 2007. Uganda, kwa sheria ya 2010, iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kenya, kwa sheria ya 2019, iliweka kamati za kusikiliza rufaa katika kaunti, na ikasema kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi kwa siku 60 ahesabiwe kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo tatizo letu kubwa haliko katika vitabu.

Tatizo ni kwamba kulegezewa sharti kumekuwa jambo la chini kwa chini. Mwananchi hupita akaona ukuta wa jirani umetokeza hadi ukingoni mwa mfereji, na hana njia ya kujua kama jirani huyo alipewa ruhusa kwa sababu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yake, au alijiamulia, au alimfahamu mtu ofisini. Naye, akiogopa kuachwa nyuma, hupanga matofali yake. Miaka michache baadaye hupita gari la halmashauri na kopo la rangi nyekundu, na alama ya X huwekwa kwenye kuta zote mbili, ya aliyeruhusiwa na ya aliyeiga.

Hatusemi tunakili taratibu za Wamarekani, ambazo wenyewe wanazilalamikia kwa gharama na ucheleweshaji. Lakini tangazo halina gharama kubwa. Kila halmashauri ina ubao wa matangazo mbele ya ofisi yake, na aghalabu hapo huwa pana minada na nafasi za kazi. Tunaomba kwamba kila mara sharti la nafasi ya mpakani linapolegezwa, ibandikwe karatasi moja hapo kabla ya msingi kuchimbwa: namba ya kiwanja, sharti lilikuwa mita ngapi, sasa limekuwa ngapi, kwa sababu gani, na siku ya mwisho ambayo jirani anaweza kupeleka pingamizi.