Gurudumu Lililogoma Rubafu

Jumapili hii, ndugu msomaji, tuziache kando cherehani na baiskeli, twende Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Wengi wetu tufanyao kazi mijini tunao wazee waliobaki ufukweni, na injini kuukuu ya mtumbwi, ya nguvu za farasi nne au tano, ni zawadi ambayo mtoto aliyepata ajira hupenda kuwapelekea. Taabu yake ni kwamba siku inapogoma, aghalabu hugomea majini.

Nilipokuwa likizoni huko niliwakuta vijana wawili wameilaza injini ya namna hiyo juu ya majani ya mgomba. Usiku uliotangulia baba yao alikuwa amerudi kwa makasia, mvua na upepo vikimsukuma mbali na nchi kavu, na nyumbani hakuna aliyepata usingizi. Injini haikutoa cheche hata moja. Vijana walikuwa wamekwisha fungua nati ya juu. Mmoja ameingiza tindo chini ya lile gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili, na mwenzake ameinua nyundo.

"Shikamoo mzee," alisema mwenye nyundo bila ya kuishusha. "Limeshikwa na kutu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu weka nyundo chini kwanza."

Katika injini nyingi za zamani umeme wa plagi huzaliwa chini ya gurudumu hilo. Ndani ya ukingo wake mna sumaku. Zinapozunguka na kuipita koili, umeme huzalishwa. Nazo platini, zikifunguka kwa wakati wake, huufanya uruke kwenye plagi. Platini zikichafuka, cheche hufa. Kwa hiyo vijana wale hawakukosea kutaka kuliondoa gurudumu. Walikosea kudhani kwamba linashikwa na nati peke yake. Ncha ya mhimili wa injini, yaani krenki, imechongwa mfano wa pia, na tundu la gurudumu limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, viwili hivyo hubanana hata vikawa kama kitu kimoja. Nati ikiondoka, mbano hubaki.

Nayasema haya kwa aibu kidogo. Zamani nami nilipiga nyundo kama ile, kwenye injini ya rafiki. Gurudumu lilitoka, naam, lakini krenki ilipinda, kidogo sana, na tangu siku hiyo injini ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa homa mpaka ikala beringi zake. Rafiki yule hakunidai. Afadhali angenidai.

Basi tulianza upya. Plagi tukaiondoa, ili injini isije ikashtuka na kukata vidole. Nati tukairudisha mpaka iwe sawasawa na ncha ya krenki, ipate kuzilinda hesi. Kifaa kinachotakiwa ni pula: kipande cha chuma kinene chenye matundu matatu pembeni na bolti kubwa katikati. Hatukuwa nacho, fundi wa kuchomelea alitutengenezea kutokana na chuma chakavu, baada ya kupima matundu matatu yenye hesi yaliyo juu ya gurudumu lenyewe. Bolti tatu huingia humo, nayo ya katikati husukuma ncha ya krenki. Msitumie pula ya makucha inayokamata ukingo wa nje, maana ukingo huo hupasuka.

Kijana mkubwa alikaza bolti ya katikati mpaka spana ikakataa. Kimya. Alitaka kuongeza bomba kwenye spana apate nguvu, nikamkatalia. Nilimwambia agonge kichwa cha bolti hiyo mara moja, kwa wastani. Hapo likalia "tak!" na gurudumu likainuka. Kama lingekataa, tungelitia mafuta ya kulegeza kutu na kulala. Moto nisingeukubali, kwa kuwa huunguza koili na kudhoofisha sumaku.

Ndani, platini zilikuwa na ukungu wa kijivu. Tulizisafisha, tukazifuta kwa karatasi ngumu isiyo na mafuta, na mwanya wake tukaupima kwa kufuata kitabu cha injini. Tulitazama pia kile kipande kidogo mfano wa nusu mwezi, kiitwacho kii, kilalacho kati ya krenki na gurudumu. Kikikatika, gurudumu huhama mahali pake na cheche huja kabla au baada ya wakati. Chao kilikuwa kizima. Sehemu zile zilizochongwa mfano wa pia tulizifuta zikauke kabisa, bila grisi, ndipo gurudumu likarudishwa na nati ikakazwa barabara.

Mguu wa injini tukautumbukiza katika pipa la maji, maana hupozwa kwa maji na haifai kuwashwa mikavu. Mvuto wa kwanza wa kamba, kimya. Wa pili ikakohoa. Wa tatu ikaitika, na mama yao akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee mwenyewe hakusema neno. Alisikiliza kitambo, kisha akaenda kuandaa nyavu zake, na makasia yote mawili akayarudisha mtumbwini.