Barua ya Wazi kwa TBS: Pakiti Iseme ni Kondo la Nani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania.

YAH: VIPODOZI VYENYE KONDO LA NYUMA

Mimi ni msusi. Nina miaka 19 katika kazi hii, na ninakuandikia kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye pakiti za kutibu nywele: plasenta.

Siku mbili kabla ya Idd, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba, nywele za mbele zimekatika kwa kubanwa. Nikafanya nilichozoea. Nilichana pakiti kwa meno, nikamimina ule ute mzito kiganjani, nikamsugua mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kisha nikamvalisha kofia ya nailoni. Mama akaokota pakiti tupu, akaigeuzageuza.

"Dada, plasenta ndiyo nini?"

"Vitamini ya nywele, mama."

Sikuwa najua. Jioni mteja wangu mmoja, mkunga, alinisahihisha kwa sauti ya chini: plasenta ni kondo la nyuma.

Ndugu Mkurugenzi, kondo la mwanangu wa kwanza lilifukiwa na bibi yangu chini ya mgomba, na hakutaka mtu asiye wa ukoo asogee. Zahanati nazo zina shimo la kondo. Nyumbani kondo lina heshima yake, hospitalini lina utaratibu wake. Dukani linauzwa kwa jina ambalo wengi wetu hatulielewi.

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma. Kondo la vipodozi huweza kuwa la kondoo, la ng'ombe, la farasi au la nguruwe. Wateja wangu wengi ni Waislamu. Huyu aliyekuja kujipamba kwa ajili ya Idd, nani amemwambia anapakwa nini?

Halafu kuna homoni. Wakati wa ujauzito kondo ndilo linalotengeneza estrojeni na projesteroni kwa wingi. Mwaka 1998 daktari Chandra Tiwary wa Texas, Marekani, alichapisha taarifa ya watoto wanne wa kike, Wamarekani weusi, mdogo wa miezi 14, mkubwa hajatimiza miaka minane. Walianza kuota matiti au nywele za sehemu za siri baada ya kutumia bidhaa za nywele zenye homoni au kondo. Walipoachishwa, dalili zikapungua. Watoto wanne hawatoshi kuhukumu kila pakiti, lakini mimi niliyesugua kichwa cha mtoto wa miaka saba wamenitosha kukosa usingizi.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2009, unakataza vipodozi kuwa na kitu chochote kitokanacho na mwili wa binadamu. Hapa kwetu, tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwenu. Mmetufundisha kuogopa zebaki na haidrokwinoni, nasi tumesikia; krimu zenye viambato hivyo hazivuki mlango wa saluni yangu. Kwa hiyo ninajua mkisema tutasikia.

Ninaomba mambo manne. Pakiti iandikwe kwa Kiswahili, "kondo la nyuma", na imtaje mnyama. La binadamu lisiingie kabisa, na katazo hilo litangazwe hata saluni za uchochoroni tulijue. Mwingizaji wa bidhaa aonyeshe vipimo vya maabara kwamba homoni zimeondolewa. Na onyo lisomeke bila miwani: asipakwe mtoto.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Nilimwomba radhi, nikamweleza ukweli. Alimvuta binti yake karibu, akaniuliza jambo moja tu: "La mnyama gani?"

Pakiti ninayo hapa mezani ninapoandika. Nimeisoma mbele na nyuma, na bado sina la kumjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msusi,
Temeke, Dar es Salaam.